Hewa ya Mwenzako

Shimoni mtu hupumua kidogo. Hilo sikulisoma darasani. Darasani niliishia la nne, na hilo la nne nusu yake niliimaliza machungani na ng'ombe wa baba mdogo. Nililijua kwa kushuka. Ukiwa chini futi arobaini, na juu yako kuna udongo ambao haujaamua kama utakaa au utashuka, hewa iliyopo ni ile ile, haiongezeki. Kama kuna mwenzako, mnagawana. Ukivuta sana umevuta ya kwake. Kwa hiyo unavuta puani kidogo, kama mtu anayenusa mboga iliyolala kuona kama imechacha, unaachia kidogo, unavuta tena. Wachimbaji wa porini huku nyuma ya Nyakahura wana msemo wao: usile hewa ya mwenzako. Wanausema kama watu wengine wanavyosema usiibe.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mkalishe kwenye kiti cha plastiki Biharamulo mjini, mwambie afumbe macho avute hewa yote. Atakudanganya. Mimi nilidanganya wiki tatu.

Ilikuwa semina ya kutuliza akili, ndivyo tulivyoambiwa, kwa watu wanaowahi kwenye ajali. Walikuwepo wawili wa zimamoto, muuguzi wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa, vijana wa pikipiki ambao lori likipinduka kwenye mteremko wa barabara kuu wao ndio wanaofika kwanza kuchomoa watu, na sisi watatu wa mashimo. Kila Alhamisi, ukumbini, chini kidogo ya lile boma la Wajerumani. Nauli tulirudishiwa na chai tulipewa, na nisiwe mwongo katika hili pia, chapati za siku ya kwanza ndizo zilizonirudisha siku ya pili.

Mwalimu alikuwa dada mmoja wa kutoka Mwanza, mwembamba, anaongea taratibu kama anahofia kumwaga kitu. Kengele yake ilikuwa ndani ya simu. Alisema kichwa cha mtu aliyeona mabaya mengi ni kama redio iliyovunjika kitufe, haizimiki. Alisema hatukuja kuizima, tumekuja kujifunza kuisikia bila kuikimbia. Mwenzangu mmoja wa mashimo, Mkatoliki wa kukesha, akanyoosha mkono akauliza kama padre anajua habari hizi. Dada akasema hii si dini, baba, ni pumzi tu. Mwenzangu akaniinamia akanong'ona, "Pumzi nayo ni ya Mungu, hajajibu." Hata hivyo akafumba macho, na rozari akaishika mfukoni kwa tahadhari.

Siku ya tatu dada alitusifu. Alizunguka nyuma ya viti huku tumefumba, kengele ikalia, tukafumbua, akasema, "Wazee wa mashimo, hongereni. Mmetulia kuliko wote. Vifua vyenu hata havichezi."

Dereva akasema, "Hao hawajatulia, dada. Hao wamekufa. Hebu waguse."

Ukumbi ukacheka, na sisi tukacheka. Hakuna aliyemrekebisha yule dada. Sisi watatu tulijua. Tulipofumba macho tu, kila mmoja alikuwa ameshashuka, na tulikuwa tunapumua kama watu walio chini. Tukaacha kiitwe utulivu kitu ambacho kwetu ni hofu. Na mwalimu alifurahi sana, ungeanzia wapi kumwambia.

Nieleze nilivyofika huko.

Mimi si mchimba dhahabu. Mimi ni mchimba vyoo. Wakati wakimbizi walipojaa Ngara, wengi mpaka kilima kikawa hakionekani majani yake, kazi iliyokuwepo ilikuwa kuchimba vyoo kambini, na mimi nilikuwa mwembamba kama mpini na mgongo wangu ulikuwa mzima. Huko ndiko nilifundishwa kusoma udongo. Udongo mwekundu unaongopa, unasimama vizuri asubuhi na jioni unakulalia. Nilifundishwa kusimamisha matimba, zile boriti za kuzuia ukuta wa shimo usiingie. Baadaye nilihamia Nyakahura kwa ajili ya visima. Mke nilimpata huko huko, wa kabila la Wasubi, mtu wa maneno machache ila yote yanauma. Dhahabu ilipoanza kuchimbwa porini, na mashimo yakaanza kuangukia watu, walikuja kuniita mzee wa vyoo, kwa kuwa najua udongo na napita mahali wengine wanakwama mabega. Serikali ya kijiji ikatuandika watatu kikundi cha uokoaji. Tukapewa kofia tatu ngumu na filimbi. Filimbi sijawahi kuipiga mpaka leo, shimoni ukipiga filimbi umemaliza hewa.

Watu niliowatoa hai wapo. Mmoja anauza nguo gulioni Nyakahura, kila akiniona ananiita baba na kunipunguzia bei, halafu naona bei ni ile ile. Lakini habari hii si ya hao.

Siku ile ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Njia ya pembeni ya shimo, ile wanayofuatia mwamba kwa magoti, ilikuwa imeanguka, na kijana mmoja alikuwa ndani. Nilishuka, nikaingia kwa tumbo. Nikamkuta. Udongo ulikuwa umemshika kuanzia kiunoni kwenda chini na timba moja limemlalia begani. Uso wake ulikuwa mzima kabisa. Taa yangu ilipompiga akafumba macho, akasema kwa Kirundi, "Niondolee hiyo taa, mzee. Sijafa."

Kirundi na Kihangaza changu, lugha ya kwetu Ngara, ni ndugu wa tumbo moja, tukasikilizana. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Ntobeye. Akacheka, kicheko kidogo, cha kubana hewa. "Basi mama yangu unamjua." Nilimjua. Nyumba yake iko kwenye njia ya kwenda kwetu, ile yenye ua wa minyaa, watu waliokuja kutoka Burundi zamani wakapewa shamba pale, na njia inapita mlangoni kwake kabisa, huwezi kwenda kwetu usimwone. Akauliza kama mvua imenyesha Ntobeye. Alisema mama amepanda maharage mapema mno, ameambiwa asipande, hasikii la mtu. Nikamwambia imenyesha juzi. Akasema, "Ameshinda tena, basi."

Mkono wangu mmoja nilimshika wake. Kwa mwingine nilikuwa nachota udongo kwa kisahani cha bati.

Kisha udongo ukamwagika shingoni kwangu. Haukuwa mwingi. Vikombe viwili hivi. Ulikuwa wa baridi, ukaingia mpaka ndani ya shati, na mwili wangu ukaamua kabla ya kichwa changu.

Nikamwambia, "Ngoja, naenda kuleta hewa."

Juu walikuwa wanahangaika na mashine ya kupulizia hewa, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa na kichwa na miguu. Akanishika mkono kwa nguvu. Akasema, "Mzee, usiondoke." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekuomba usogee kwenye benchi akae.

Nikamwambia nikikaa nitakula hewa yako. Na hiyo ni kweli. Ni sheria, muulize mchimbaji yeyote. Sheria ikiwa ya kweli, na wewe ukaitumia kukimbilia, inabaki kuwa ya kweli, na hapo ndipo ilipo shida yake, maana hakuna atakayekuhukumu kwayo. Nikavuta mkono. Nikarudi kwa tumbo, nikapanda kamba. Juu wakaniambia mpira wa hewa haufiki, ni mfupi. Nikaketi. Mtu akanipa maji kwenye kikombe, nikanywa taratibu, kwa mafundo madogo madogo, ili yasiishe. Hakuna aliyeniambia rudi. Kikombe kikiwa bado mkononi, ardhi ikashuka mara ya pili.

Tulimtoa jioni.

Kwetu, aliyekuwa wa mwisho kumshika marehemu ndiye anayepeleka neno nyumbani. Polisi wanaweza kupiga simu, mwenyekiti anaweza kuandika barua, lakini neno linapelekwa na aliyemshika. Nikaenda Ntobeye na maiti. Mama yake alikuwa mama wa makamo, mkavu, mikono ya jembe. Aliniamkia shikamoo, hata siku ile, nikaitikia. Halafu akauliza swali moja.

"Alifia mkononi kwako?"

Nikasema ndiyo.

Sikuupanga uongo huo. Ulitoka kama kikohozi. Na baada ya kutoka ukawa umeshakaa pale katikati ya watu, una miguu yake. Yule mama akaleta maji kwenye beseni, akaushika mkono wangu wa kulia akauosha kidole kimoja kimoja, kama anaosha mtoto. Maji akayamwaga kwenye shina la mgomba ulio karibu na mlango. Akasema mkono huu ni wa nyumbani hapa.

Tangu hapo, kila mavuno, mfuko wa maharage ukawa unafika Nyakahura juu ya gari la abiria. Maharage mazuri, ya njano, hayana mchanga. Mke wangu alikuwa akisema yule mama ana moyo. Nilikula. Unafikiri sikula? Nilikula na kuongeza.

Ila sikuingia tena shimoni. Nikiitwa, nilisema mgongo. Nyumbani nikawa silali mlango ukifungwa, na mlango wa choo chetu niliutoa bawaba nikauegemeza nje. Mke wangu akasema, "Wageni wakija niwaambie nini? Kwamba mzee wa vyoo hawezi kukaa chooni?" Na kwenda kwetu kuona kaburi la baba, nikawa napita bondeni, nazunguka mtoni mwendo wa saa nzima, nisipite mlangoni kwake. Mara mbili alitoka akaniona kwa mbali akanipungia mkono. Nilipunga. Kwa mkono ule ule.

Ndipo semina ilipokuja, na mwenyekiti wa kikundi akaniandika jina bila kuniuliza.

Basi ukifumba macho, dada anasema sikiliza pumzi yako inavyoingia, inavyotoka. Mimi nikisikiliza yangu nasikia ya yule kijana. Ndogo, ya kubana, inaniachia nafasi. Alikuwa ananiachia mimi hewa. Hilo nililielewa ukumbini, Alhamisi ya pili, huku nanusa chapati.

Wiki ile ya kusifiwa, niko njiani kurudi, simu ikalia. Alikuwa yule mama.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Tunaganduka mwezi ujao."

Kuganduka ndiyo sherehe yao ya kumaliza msiba. Mwaka unapita na zaidi, ukoo unakusanyika, pombe ya mtama inapikwa, wanasimama wa kuongea mmoja mmoja, halafu msiba unafungwa, mjane akiwa yupo anaruhusiwa kuolewa, jembe linarudi shambani bila aibu. Baada ya hapo hakuna kulia.

"Wewe ndiye utasimama mwisho," akasema. "Utasema maneno yake ya mwisho. Ukoo wote unakuja, mpaka wa ng'ambo ya mto."

Nikasema nitakuja.

Hapo nikaona nilivyokaa. Mbele, sherehe, na mimi nimesimama nauweka uongo wangu mahali ambapo msiba unafungiwa, wafunge na uongo ndani yake. Nyuma, kutokwenda, na aliyemshika marehemu akikosekana siku hiyo watu wanauliza kwa nini. Kushoto na kulia, huo mkono uliooshwa.

Alhamisi iliyofuata nilimngoja dada mpaka watu wakatoka. Nikamwambia, "Dada, ulitusifu bure."

"Kwa nini, baba?"

"Ile ya kifua kutocheza. Ule si utulivu. Vile ndivyo mtu anavyopumua akiwa amefukiwa. Wiki zote hizi unatufukia."

Alikaa kwenye ngazi. Alikaa kama mtu aliyeambiwa gari limemwacha. Akasema, "Mbona hamkuniambia?"

"Ulifurahi sana."

"Sijawahi kuingia shimoni mimi," akasema.

"Naona."

Akacheka kidogo, kisha akafuta uso. Nikamweleza yote, ya udongo shingoni na kikombe cha maji na beseni. Nilidhani atanipa jibu, maana ametoka Mwanza na ana vyeti. Akasema, "La yule mama siwezi kukuamulia, baba. Ila hilo la shimoni likija usilifukuze, na usilikimbie. Kaa nalo pumzi kumi."

"Kukaa ndiko kulikonishinda, dada. Ndiyo habari yenyewe."

Akafikiri. "Basi pumzi tatu."

Wiki iliyofuata alibadilisha. Hakuna kufumba macho kwa asiyetaka, na milango yote miwili ya ukumbi wazi. Tukapumua kwa sauti, kama mtu anayepanda kilima na mkungu wa ndizi kichwani, haa, haa, mpaka karani wa ofisi ya jirani akaja kuchungulia. Tulionekana kama ng'ombe wanaotoka mtoni. Yule dereva alianza kwa kucheka, akafika mahali kicheko kikageuka, akatoka nje kwenda kulitazama gari lake, akakaa nalo muda mrefu. Hakuna aliyemtania aliporudi. Siku hiyo ndiyo nilivuta hewa yote mara ya kwanza tangu ile asubuhi. Haikunitoa popote. Ila nilijua kifua changu bado kinaweza.

Nikaenda Ntobeye siku moja kabla ya sherehe. Nilishuka njia panda, nikapanda pikipiki, na mwendesha pikipiki nikamwambia asipite bondeni. Apite juu, mlangoni kwake.

Alikuwa nyuma ya nyumba peke yake, anachagua maharage ya sherehe kwenye ungo. Wengine walikuwa wameenda kuchota maji na kukata majani ya migomba ya kufunikia pombe. Aliniletea kigoda. Nikasema nitasimama. Akasema, "Umekuja kuniambia mgongo unauma hutasimama kesho."

"Hapana. Nimekuja kusema hakufia mkononi kwangu."

Mkono wake uliendelea kwenye ungo. Akatoa punje moja mbovu, akaitupa.

"Nilimshika," nikasema. "Tukaongea. Kisha udongo ukanimwagikia, nikatoka nje. Alikufa mimi nikiwa juu nakunywa maji."

Pumzi moja. Nilizihesabu, kama yule dada alivyosema, maana miguu ilikuwa inataka barabara.

"Ulimwambia nini ulipotoka?"

"Nilimwambia naenda kuleta hewa."

"Ulikuwa unaenda kuleta hewa?"

"Nilikuwa naenda zangu."

Pumzi ya pili.

"Na yeye alisema nini?"

Hilo ndilo nililokuwa nimeomba asiulize. Tangu Nyakahura mpaka njia panda nilikuwa naomba. Nikasema, "Alisema mzee, usiondoke."

Ya tatu ilikuwa ndefu. Kuku walipita katikati yetu. Aliweka ungo chini, akanitazama mkono, siyo uso.

"Umekula maharage yangu misimu mitatu."

"Nimekula."

"Ukijua."

"Nikijua."

Akainua ungo tena. Akasema, "Mimi nimewaambia watu wa hapa kwamba mwanangu hakuwa peke yake. Ndivyo nilivyoweza kulala." Akachagua kidogo. "Kesho utasimama. Watu wameshaambiwa. Uongo wako hutausema. Na hayo uliyosema sasa hutayasema, hayo ni yangu, usiwagawie watu. Tafuta maneno mengine."

Sasa nikuulize wewe unayesoma, maneno gani yanabaki hapo. Nililala kwa kaka yangu, na nisidanganye, nililala kama gogo.

Kesho yake, mbele ya ukoo wote, watu wenye mirija mikononi wakizunguka mitungi ya pombe, nikasimama. Nikavuta hewa, yote, mpaka mzee mmoja wa mbele akadhani nitakohoa akasogeza mguu. Nikasema kijana huyu aliniambia nimwondolee taa machoni kwa sababu hajafa. Watu wakacheka, walimjua. Nikasema aliuliza kama mvua imenyesha Ntobeye, kwa kuwa mama yake amepanda maharage mapema na hasikii la mtu. Nikasema nilimwambia imenyesha, akasema basi ameshinda tena. Nikasema alikuwa na nguvu mkononi. Nikakaa.

Mama yake hakunitazama. Lakini niliposema ya maharage, alitikisa kichwa vile mtu anavyomtikisia mtoto mbishi aliye mbele yake. Mrija ulipozunguka, wa kwake aliupitisha kwa mtu wa pili yangu, akaniruka mimi.

Msimu uliofuata maharage hayakuja. Mke wangu akauliza, nikamwambia yote, akaendelea kupika mpaka chakula kikaiva. Akasema, "Rudishia mlango wa choo, basi. Umeshasema." Nikaurudishia. Kuufunga nikiwa ndani ni jambo jingine.

Halafu akapiga simu yule mama. Hakuniamkia.

"Choo changu kimejaa," akasema. "Njoo unichimbie kingine."

Nikamwambia siku hizi sishuki. Akasema anajua. Akakata.

Mtu unaweza kukataa kazi ya mtu yeyote. Nilipanga kukataa mpaka naifunga sululu kwenye gunia. Nilifika, akanionyesha mahali, udongo mwekundu, ule ule mwongo. Siku ya kwanza nilifika kifuani, si kitu, unaona migomba. Siku ya pili kichwa kikazama. Nilikuwa nimechonga vishikio vya miguu ukutani vya kupandia, na matimba niliyasimamisha mengi kuliko shimo lenyewe lilivyohitaji. Wa kuvuta udongo juu nilimuuliza ni nani. Akasema ni yeye. Akakaa ukingoni siku nzima, anavuta ndoo kwa kamba, anamwaga, anairudisha, na katikati ya ndoo na ndoo anamenya mihogo. Nikitazama juu naona nyayo zake na maganda ya mihogo.

Siku ya tatu, nikiwa chini futi kumi, udongo kidogo ukajimwaga shingoni kwangu. Sikumbuki kama nilisema kitu. Nadhani sikusema. Nilisimama tu na kifua kikajifunga, kikaanza kunusa hewa kama zamani. Yeye akachungulia.

Akasema, "Mzee."

"Naam."

"Naenda kuleta maji."

Nyayo zikaondoka. Nikasikia akipita ua, halafu nisimsikie. Jikoni kwake ni hatua ishirini, mtungi uko mlangoni. Nilingoja muda wa kwenda na kurudi. Nikangoja muda wa kwenda mtoni. Mbingu yangu ilikuwa duara ndogo yenye jani moja la mgomba, na kamba ilikuwa imelegea ukutani, hakuna aliyeishika.

Vishikio vilikuwepo. Sita, saba, nimevichonga mwenyewe, ningekuwa nje kabla hujamaliza kuniita. Niliweka mguu kwenye cha kwanza. Udongo wa shingoni ulikuwa umefika kiunoni, wa baridi vile vile. Nikautoa mguu. Nikaegemea ukuta, nikavuta hewa, yote, maana chini pale hakuwepo mwenzangu wa kuila. Nikaachia. Nikavuta ya pili. Zilipita tatu, zikapita kumi, nikaacha kuhesabu. Hofu haikuondoka. Ilikaa na mimi, tukakaa.

Aliporudi jua lilikuwa limehama ukutani. Alishusha maji ndani ya ndoo, kikombe kimefunikwa kwa jani. Sikumuuliza alikuwa wapi, na yeye hakusema.

Nilikunywa. Akangoja nimalize, akavuta ndoo, akakaa pale pale ukingoni, na mimi nikashika sululu, maana lilikuwa limebaki kama futi tano.